Rejimenti ya 54 ya Massachusetts vitani, 1863–1865: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza wanapokutana na habari za kikosi hiki kwa mara ya kwanza. Mengine yana majibu mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi. Suala la mshahara nimelipa nafasi kubwa makusudi. Wengi wanaijua rejimenti hii kwa mapigano ya jioni moja, ilhali mvutano uliowachukua muda mrefu zaidi ulikuwa na serikali yao wenyewe.

Rejimenti ya 54 ya Massachusetts ilikuwa nini hasa?

Ilikuwa rejimenti ya askari wa miguu wa kujitolea iliyoundwa mwanzoni mwa 1863 kupigana upande wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Askari wake walikuwa watu weusi; maofisa wake, kwa amri ya serikali, walikuwa weupe. Mafunzo yalifanyika Camp Meigs, Readville, nje kidogo ya Boston. Tarehe 28 Mei 1863 askari zaidi ya 1,000 walipita mitaa ya Boston mbele ya umati mkubwa, wakapanda meli iitwayo De Molay na kuelekea South Carolina.

Kwa nini kikosi cha vita vya taifa zima kinaitwa kwa jina la jimbo?

Kabla ya vita jeshi la kudumu la Marekani lilikuwa dogo, askari kama 16,000 hivi, na wengi walitawanyika huko magharibi. Vita vilipolipuka Aprili 1861, Rais Abraham Lincoln aliyataka majimbo yatoe wanaume 75,000 kwa miezi mitatu. Wakati huo wengi waliamini mambo yangekwisha kabla ya mvua kunyesha mara mbili. Baadaye mikataba ikawa ya miaka mitatu. Utaratibu ulikuwa kwamba gavana anaandikisha watu na kuteua maofisa, kisha kikosi kinakabidhiwa serikali kuu, ambayo ndiyo inayolipa na kuamrisha. Rejimenti kamili ya miguu ilikuwa na kombania 10, kila moja ikiwa na watu wapatao 100, chini ya kanali.

Ukumbuke mgawanyo huo wa kazi, jimbo kuandikisha na serikali kuu kulipa, kwa sababu ndipo mgogoro wa mshahara ulipozaliwa.

Je, ndicho kikosi cha kwanza cha watu weusi katika vita hivyo?

Hapana, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Rejimenti ya kwanza ya weusi ya Kansas ilishapigana Island Mound, Missouri, Oktoba 1862. Huko Louisiana na South Carolina vilikuwapo vikosi vya weusi kabla ya 54, na mashambulizi ya Port Hudson (27 Mei 1863) na Milliken's Bend (7 Juni 1863) yalipiganwa na askari weusi kabla 54 haijafyatua risasi. Sifa ya 54 ni kwamba ilikuwa miongoni mwa vikosi vya mwanzo kabisa vya weusi kuundwa Kaskazini, na iliundwa mbele ya macho ya magazeti. Gavana wa Massachusetts, John A. Andrew, alijua vizuri kwamba kikosi hiki kikishindwa, wapinzani watasema mtu mweusi hawezi kuwa askari.

Askari wake walitoka wapi? Walikuwa watumwa waliotoroka?

Wachache, ndiyo. Wengi walizaliwa huru, au walikwisha kuwa huru kwa muda mrefu, na walikuwa wakulima, mabaharia, vinyozi, watengeneza matofali na vibarua wa mjini. Massachusetts peke yake isingeweza kukijaza kikosi, kwani sensa ya 1860 ilihesabu watu weusi wasiofika 10,000 katika jimbo zima, ukijumlisha wanawake, watoto na wazee. Kwa hiyo mawakala walitumwa majimbo mengi ya Kaskazini na hata Kanada. Pennsylvania ilitoa watu wengi kuliko Massachusetts yenyewe.

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Maryland akawa mzungumzaji maarufu kuliko wote wa kupinga utumwa, alikuwa mmoja wa waliohamasisha uandikishaji. Wanawe wawili, Lewis na Charles, waliingia kikosini. Lewis akawa sajini meja wa rejimenti. Kumwambia mtoto wa mwenzio aende vitani ni rahisi. Douglass alianza na wa kwake.

Nani aliongoza kikosi?

Kanali Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25 kutoka familia tajiri ya Boston iliyopinga utumwa. Alikwisha kupigana kama ofisa katika Rejimenti ya 2 ya Massachusetts. Alipopelekewa ombi la gavana, kwanza alikataa, kisha akabadili mawazo. Baada ya kifo chake uongozi ulikwenda kwa Edward Hallowell, kutoka familia ya Waquaker wa Philadelphia, naye ndiye aliyekaa na kikosi kwa sehemu kubwa ya vita. Hallowell hatajwi sana. Ninavyoona mimi, anastahili zaidi, na jibu la swali la mshahara litaonyesha kwa nini.

Ni kweli walichoma mji?

Ni kweli. Tarehe 11 Juni 1863, katika kazi yao ya kwanza, walipelekwa Darien, mji mdogo wa pwani ya Georgia, chini ya Kanali James Montgomery aliyekuwa mkuu wa msafara. Mji ulikuwa karibu mtupu, hakukuwa na upinzani wa maana. Montgomery aliamuru uporwe na uteketezwe. Shaw alitii shingo upande, kisha akaandika barua za kulalamika, akihofia kwamba jina la askari wake lingechafuliwa kwa kazi ya uporaji kabla hawajapata nafasi ya kupigana.

Fort Wagner ilikuwa nini, na kilitokea nini pale?

Ilikuwa ngome ya mchanga na magogo kwenye Morris Island, kisiwa kinacholinda mlango wa bandari ya Charleston. Charleston ndipo vita vilipoanzia, na Kaskazini iliutaka mji huo kwa hamu ya pekee. Ngome ya mchanga inaonekana dhaifu, lakini risasi ya mzinga ikiipiga inazama tu. Udongo unarushwa juu kisha unarudi mahali pake.

Siku mbili kabla ya shambulio la Wagner, tarehe 16 Julai 1863, 54 ilipigana kwa mara ya kwanza, James Island. Kombania zake zilizokuwa doria zilishambuliwa alfajiri, zikarudi nyuma hatua kwa hatua zikiendelea kufyatua, na zikaipa Rejimenti ya 10 ya Connecticut muda wa kujinasua. Baada ya hapo walitembea usiku kucha matopeni kwenye mvua, wakavushwa kwa maji, na kufika Morris Island wamechoka na karibu bila chakula.

Jioni ya tarehe 18 Julai, baada ya meli na mizinga ya nchi kavu kuipiga ngome mchana kutwa, majenerali waliamini waliokuwa ndani wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Walijificha kwenye mapango yaliyojengwa ndani ya ngome, wengi wakiwa wazima. Brigedia Jenerali George Strong alimpa Shaw nafasi ya kutangulia mbele ya wote, na Shaw akaikubali. Watu kama 600 wa 54 walipangwa ufukweni, singe zimefungwa kwenye bunduki za Enfield, bahari kulia kwao na kinamasi kushoto. Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba waliokuwa pembeni walikanyaga maji.

Walipokaribia, ngome ikawaka. Walivuka handaki, wakapanda ukuta wa mchanga, wakafika juu. Shaw alipigwa risasi akiwa juu ya ukuta akiwahimiza watu wake, akafa hapo hapo. Walikaa ukutani kwa muda wakipigana kwa singe na vitako vya bunduki, kisha wakalazimika kurudi. Hallowell alijeruhiwa vibaya. Maofisa wengi mno walikuwa wameanguka, hata aliyebaki kuwapanga upya waliosalimika alikuwa kapteni kijana, Luis Emilio. Rejimenti nyingine ziliingia baada yao, nazo zikavunjika. Upande wa Muungano ulipoteza zaidi ya 1,500 jioni ile, waliokufa, kujeruhiwa na kutekwa. Waliokuwa ndani ya ngome walipoteza chini ya 200. Hesabu ya 54 ni 272 kati ya wale 600.

Kuna jambo jingine ambalo halipaswi kusahauliwa. Wiki hiyo hiyo, kuanzia tarehe 13 Julai, New York iliwaka kwa ghasia za watu waliopinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, na hasira zao zikawaangukia watu weusi. Sajini Robert Simmons wa 54, mzaliwa wa Bermuda, alijeruhiwa na kutekwa Wagner, akafa akiwa mfungwa Charleston. Mpwa wake, mtoto mdogo, aliuawa katika ghasia hizo za New York.

Kwa hiyo Wagner haikutekwa kamwe?

Ilichukuliwa, ila si kwa kushambuliwa ana kwa ana. Muungano ulichimba mahandaki kuisogelea kidogo kidogo, na usiku wa kuamkia 7 Septemba 1863 walioilinda wakaihama. Kazi kubwa ya kuchimba mahandaki hayo, chini ya mizinga, ilifanywa na askari weusi, 54 wakiwamo. Leo mahali ilipokuwa ngome pamemezwa na bahari.

Mwili wa Shaw ulifanywa nini?

Kwa desturi ya wakati ule mwili wa kanali ulirudishwa kwa upande wake au kuzikwa kwa heshima peke yake. Wa Shaw ulitupwa katika kaburi moja na askari wake, na waliofanya hivyo walikusudia iwe tusi. Kaskazini walipotaka kuufukua, baba yake aliandika kuomba mwanawe aachwe hapo alipo, pamoja na watu wake.

Waliotekwa walitendewaje?

Serikali ya Kusini ilikwisha kutangaza kwamba askari weusi hawatahesabiwa kuwa mateka wa vita, bali watakabidhiwa kwa majimbo kushughulikiwa chini ya sheria za uasi wa watumwa. Adhabu ya uasi huo ilikuwa kifo, au kuuzwa. Lincoln alijibu tarehe 30 Julai 1863: kwa kila askari wa Muungano atakayeuawa kinyume cha sheria za vita, mfungwa mmoja wa Kusini atauawa, na kwa kila atakayetiwa utumwani, mfungwa mmoja atawekwa kwenye kazi ngumu. Baadhi ya watu wa 54 walipelekwa mahakamani Charleston; mahakama ikaamua haina mamlaka juu yao, wakarudishwa jela. Wengi walikaa huko na katika kambi za mateka hadi karibu na mwisho wa vita, na wengine walifia humo.

Ni kweli walipigana bila mshahara?

Ndiyo, kwa takriban miezi 18, na kwa uamuzi wao wenyewe.

Waliandikishwa kwa ahadi ya dola 13 kwa mwezi, sawa na askari yeyote wa Muungano. Siku ya malipo ilipofika waliambiwa ni dola 10, na kati ya hizo dola 3 zinakatwa kwa ajili ya nguo. Zinabaki 7. Askari mweupe alipata zake 13 na posho ya nguo juu yake. Wizara ya vita iliegemea sheria ya Julai 1862, iliyotungwa kwa ajili ya vibarua weusi wa kubeba mizigo na kuchimba. Kwa maneno mengine, serikali iliwapa bunduki lakini kwenye daftari la malipo ikawaandika wapagazi.

Walikataa pesa zote. Kila mlipaji alipokuja walipangwa mstari, wakaulizwa, wakakataa. Novemba 1863 bunge la Massachusetts likapitisha fedha za kufidia pengo, ili kila mtu apate 13 zake kamili. Hizo nazo wakazikataa. Wapo walioshangaa kusikia hivyo, na hata leo msomaji anaweza kuona ni ukaidi, kwa sababu dola ni dola hata ikitoka mfuko gani. Lakini kuzipokea kungekuwa kukiri kwamba serikali kuu ilikuwa na haki ya kuwalipa pungufu, na kwamba jimbo ndilo limewahurumia. Waliofika Wagner hawakuwa wakiomba huruma ya mtu.

Tarehe 28 Septemba 1863 Koplo James Henry Gooding, baharia wa zamani wa meli za kuvua nyangumi kutoka New Bedford, alimwandikia Rais Lincoln barua. Swali lake lilikuwa moja: sisi ni askari, au ni vibarua? Alieleza kwamba wametimiza kazi ya askari, basi walipwe kama askari. Ni barua ya adabu sana, na haina sentensi hata moja ya kujidhalilisha.

Waliolipa gharama ya msimamo huo ni watu wa nyumbani. Mke aliyebaki na watoto Philadelphia au New Bedford hakula msimamo. Baadhi ya familia ziliishia kwenye nyumba za maskini. Barua za kutoka nyumbani zilikuwa zinasikitisha, na mwaka 1864 kikosi kilikaribia kuasi. Kuasi halikuwa jambo la mchezo. Katika Rejimenti ya 3 ya South Carolina, Sajini William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini kwa sababu hiyo hiyo ya mshahara. Alishtakiwa kwa uasi na kupigwa risasi Februari 1864.

Hatimaye, Juni 1864, bunge la Marekani lilipitisha mshahara sawa, lakini kwa sharti la ajabu: malipo kamili ya tangu kuandikishwa yatakwenda kwa waliokuwa huru kufikia 19 Aprili 1861. Je, wale waliokuwa bado utumwani siku hiyo? Hapo ndipo Hallowell alipotumia akili. Alitunga kiapo ambacho askari aliapa kwamba, kufikia tarehe hiyo, hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kudai kazi yake bila malipo. Mtumwa aliyetoroka aliweza kuapa hivyo bila kusema uongo, maana mbele ya Mungu hakuna aliyekuwa na haki hiyo. Wakaapa wote.

Fedha ziliwafikia mwishoni mwa Septemba 1864, na kambi ikawa na sherehe. Gooding hakuwapo. Alitekwa Olustee mwezi Februari na kufa katika kambi ya mateka ya Andersonville, Georgia, Julai 1864, bila kupokea hata senti moja.

Olustee ndiyo nini?

Ni pigano la 20 Februari 1864 kaskazini mwa Florida. Jenerali Truman Seymour, yule yule aliyesimamia shambulio la Wagner, aliwapeleka watu kama 5,500 ndani ya misitu ya misonobari, wakakutana na jeshi lililowasubiri. Muungano ulipoteza zaidi ya 1,800, maradufu ya hasara ya Kusini. 54 iliingizwa mwishoni, pamoja na rejimenti nyingine ya weusi kutoka North Carolina, ili kuzuia adui wakati wengine wanarudi. Inasimuliwa kwamba waliingia wakipiga ukelele wa kuisifu Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Kejeli hiyo ilikuwa na miezi mingi nyuma yake.

Wakati wa kurudi nyuma, treni iliyobeba majeruhi iliharibika. Kuiacha kungekuwa kuwaacha majeruhi mikononi mwa watu waliokuwa tayari wakiwaua majeruhi weusi uwanjani. 54, waliokuwa wamekwisha kutembea mwendo mrefu, waligeuzwa warudi. Walifunga kamba kwenye injini na mabehewa, wakaivuta treni kwa mikono kwa maili kadhaa mpaka ikawa salama.

Baada ya hapo?

Septemba na Oktoba 1864, Morris Island, waliwalinda mateka 600 maofisa wa Kusini. Fikiria hao waungwana wenye mashamba wakipangwa foleni ya chakula na sajini mweusi. Tarehe 30 Novemba walipigana Honey Hill, South Carolina, katika jaribio lililoshindwa la kukata reli ya Charleston na Savannah. Pigano la mwisho lilikuwa Boykin's Mill, 18 Aprili 1865, siku tisa baada ya Jenerali Lee, jemadari mkuu wa Kusini, kusalimu amri Virginia; habari hazikuwa zimewafikia. Luteni Edward Stevens wa 54 aliuawa pale. Rejimenti ilivunjwa tarehe 20 Agosti 1865, na Septemba 2 ikaandamana tena Boston.

Je, hakupatikana ofisa mweusi hata mmoja?

Alipatikana, kwa kuchelewa. Sajini Stephen Swails alijeruhiwa kichwani Olustee, na gavana akampa cheo cha luteni wa pili mapema 1864. Wizara ya vita ilikataa kumtambua hadi Januari 1865. Baada ya vita alikaa South Carolina na kuingia katika seneti ya jimbo hilo.

Na William Carney ni nani?

Ni sajini aliyezaliwa utumwani Norfolk, Virginia, baadaye akahamia New Bedford. Kule Wagner alimwona mbeba bendera akianguka, akaidaka, akafika nayo ukutani, na kurudi nayo akiwa na majeraha kadhaa. Nishani ya Heshima alikabidhiwa 1900, miaka 37 baadaye. Katikati hapo alikuwa akisambaza barua za posta New Bedford.

Filamu maarufu ya 1989 kuhusu kikosi hiki ni ya kuaminika?

Kwa moyo wake, ndiyo. Kwa mambo mengi madogo, hapana. Inawaonyesha askari wengi kama watumwa wa zamani. Ina tukio la kuchapwa viboko, wakati viboko vilipigwa marufuku jeshini tangu 1861. Inawafanya washambulie Wagner bahari ikiwa upande usio wake. Kisha inaishia Wagner, kana kwamba kikosi kiliishia pale, wakati kilikuwa na zaidi ya miaka miwili mbele yake.

Vita hivi vina uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, na unapita kwenye nguo. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shuka za pamba zisizopaushwa, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Ndiyo merikani, nguo iliyokuwa fedha ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini na kufumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Kwa hiyo jimbo lililotuma 54 vitani ndilo hilo hilo lililokuwa limenufaika na jasho la watumwa. Vita vilipofunga njia ya pamba, merikani iliadimika Zanzibar na bei ikapanda, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Kumbukumbu zao ziko wapi, na naweza kumtafuta askari mmoja mmoja?

Mnara wa Shaw na rejimenti yake, kazi ya mchongaji Augustus Saint-Gaudens, uko Boston mkabala na ikulu ya jimbo. Ulizinduliwa 31 Mei 1897, na majina ya askari waliokufa yaliongezwa baadaye sana, katika miaka ya 1980. Majalada ya utumishi ya kila askari yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Washington, na orodha ya majina hupatikana bure kwenye tovuti ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Anza na jina na herufi ya kombania, ukijua kwamba tahajia ya majina hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine. Ukibahatika kupata faili la pensheni, lisome kabla ya lile la utumishi: wajane walitakiwa kuthibitisha ndoa na watoto kwa mashahidi, hivyo humo mna habari za maisha ya nyumbani ambazo jeshi halikuwahi kuuliza.